Betri Ipo

MABULA: ...inarekodi? Haya. Mwangaluka jamani, tupo tena, mi leo nimekuja kwa daladala kwa hiyo naomba nisiulizwe maswali.

NEEMA: Mwangaluka. Nani anakuuliza, tunajua gari yako Spacio imelala.

MABULA: Haijalala, inapumzika. Sasa leo tulisema taa ya betri kwenye dashibodi ya gari, ile inawaka inazima inawaka inazima, na mwenzenu nimejiandaa, nimeandika mambo matano kwenye daftari hapa. Jambo la kwanza...

NEEMA: Anza na Sengerema, shem.

MABULA: Umejuaje nilienda Sengerema?

NEEMA: We anza tu.

MABULA: Haya. Ile taa ilikuwa na wiki tatu inanichezea. Inawaka Mkuyuni, inazima Butimba, nikifika kwa fundi haipo, yaani kama mtoto anaumwa tumbo saa ya shule halafu ukimfikisha hospitali anaomba soda. Nikasema hii ni betri imechoka, nikanunua mpya, laki na sitini imeondoka. Siku nne kimya. Nikasema si unaona. Sasa Jumanne natumwa Sengerema kumchukua mama mkwe anakuja mjini kupima macho. Kwenda safi kabisa. Kurudi jioni imeshaingia, mama kakaa mbele, ndoo ya sato iko katikati ya miguu yake, tumepita Busisi, tumepanda daraja la kuvuka ziwa, kale kamvua kakaanza, taa hiyoo. Nyekundu. Na yule mama anakuja kupima macho lakini ile taa kaiona kabla yangu! "Baba, hiyo nyekundu ni ya nini?"

NEEMA: Ukamwambia ukweli.

MABULA: Ukweli upi? Nimwambie mama gari haichaji, usiku unaingia, tuko katikati ya ziwa? Si angeshuka na ndoo yake pale pale. Nikamwambia, mama, hiyo ni ya kuonyesha betri ipo.

NEEMA: Betri ipo.

MABULA: Si ina picha ya betri! Imekaa kimantiki kabisa. Tatizo likawa moja, tunamalizia daraja, ikazima.

NEEMA: (anacheka)

MABULA: Mama kapiga ukelele, "Baba simama! Betri imedondoka!"

NEEMA: Jamani mama wa watu!

MABULA: Nilisimama Kigongo, nikafungua boneti, nikammulikia na simu, mama betri hii hapa. Akaigusa. Kwa mkono. Ndo akarudi kukaa. Kutoka pale mpaka Usagara ni yeye anatangaza tu, "Ipo... haipo... ipo." Sijawahi kuendesha gari na refa.

NEEMA: Sasa ngoja nikwambie nimejuaje. Jumatano mama kanipigia. Mi na mkeo tumekua wote, yule ni mama yangu pia, unajua. Kaniuliza mtoto, salama, kazi, salama, halafu kashusha sauti, "Neema, na wewe gari yako betri ipo?" Nikamwambia ipo mama. "Unaiona taa yake?" Nikasema sasa mama taa inatoka wapi, mi sina taa. Akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, watakuwa wamekuibia."

MABULA: (anacheka) Ye naye!

NEEMA: Na amewaambia kanisani! Kuna mzee mmoja huko ana Noah, gari yake haina tatizo lolote, saa hizi anahangaika kwa nini taa ya betri haiwaki. We unacheka, umeharibu tarafa nzima.

MABULA: Turudi kwenye daftari. Jambo la kwanza...

NEEMA: Jambo la kwanza ile taa haisemei betri. Ndo maana laki na sitini yako imelia. Ile picha ingekuwa ya altaneta, ile inayozungushwa na injini kutoa chaji, watu wangeokoa hela nyingi sana nchi hii. Taa inakwambia chaji haiji. Kwenye gari nyingi, hasa za zamani, kabalbu kale kanapata umeme upande mmoja kutoka kwenye swichi, upande wa pili kanaenda altaneta. Injini ikiwa imezima altaneta haitoi kitu, umeme unapita, taa inawaka. Ukiwasha injini, altaneta ikatoa, pande mbili zinalingana, hamna wa kumsukuma mwenzake, taa inazima. Kwa hiyo ukiweka swichi on bila kuwasha injini taa LAZIMA iwake, isipowaka balbu imeungua au waya umekatika, hiyo nayo ni kesi.

MABULA: Kwa hiyo hapo mama hayuko mbali. Swichi on, taa imewaka, betri ipo.

NEEMA: ...Sikupi hiyo.

MABULA: Nipe!

NEEMA: Sikupi. Hebu nijibu, huwa inawaka ukiwa unafanya nini?

MABULA: Inajiwakia tu.

NEEMA: Hakuna kujiwakia tu. Jumanne AC ulikuwa umewasha?

MABULA: Mama mkwe nimpitishe vumbi? Nimewasha.

NEEMA: Taa kubwa?

MABULA: Usiku, ndio. Na waipa, ile mvua.

NEEMA: Na ukiwa peke yako?

MABULA: Vioo chini, AC ya nini, mafuta bei unaiona.

NEEMA: Basi umeona? Taa kubwa peke yake, wati 55 mara mbili, ni 110, gawanya kwa 12, hapo ni ampea 9, hujaweka feni ya AC, hujaweka waipa, hujaweka pampu ya mafuta. Altaneta yako ukiwa peke yako inajikongoja inaweza. Ukiongeza mzigo, inashindwa. Taa inawaka mzigo ukizidi.

MABULA: Kwa hiyo tatizo ni mama mkwe.

NEEMA: Sijasema hivyo!

MABULA: Wasikilizaji mmemsikia, kasema mama yake ni mzigo.

NEEMA: Mzigo wa umeme! Mabula, hii inaenda hewani, yule mama anasikiliza!

MABULA: Mama, shikamoo, mi sijasema, kasema mwanao.

NEEMA: Mtu mbaya sana wewe. Nasema hivi, dalili ya mzigo inakupeleka kwenye vitu vichache. Mkanda wa kuzungusha altaneta umelegea unateleza, hasa ukilowa, si ilikuwa mvua? Unalia?

MABULA: Unalia nikitoka kuosha gari. Dakika moja, basi.

NEEMA: Haya. Au kaboni za ndani ya altaneta, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha, zinagusa hazigusi, gari ikiruka tuta zinagusa, ikitulia zinaachia. Au ile plagi ndogo nyuma ya altaneta, kile kilimi cha kufungia kimevunjika. Au vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe, au waya wa ethi, ule wa negativu unaofungwa kwenye bodi, umelegea. Hivyo viwili vya mwisho unaangalia bure kabisa, mswaki wa zamani na maji moto. Ndo uanzie hapo, sio dukani.

MABULA: Sasa mi Alhamisi nilienda kwa fundi, gereji siitaji, na yule mzee hana maneno mengi. Kawasha injini, kachukua spana namba 10, katoa kichwa cha negativu injini ikiwa inaunguruma. Injini haikuzima. Kasema altaneta nzima, kaza mkanda, elfu tano.

NEEMA: Umemwacha atoe teminali injini inawaka?

MABULA: Kwani kuna nini?

NEEMA: Mabula! Betri ndo inatuliza umeme wa gari. Ukiitoa ghafla altaneta inachaji, umeme unaruka, unaweza kupanda volti nyingi mno kwa kufumba na kufumbua, unapiga daiodi zinazonyoosha umeme wa altaneta, unapiga regulata inayoshikilia volti, unaweza ukaua kontroli boksi, kompyuta ya gari. Spacio sio Land Rover ya misheni.

MABULA: Yule mzee anapima hivyo tangu mi sijazaliwa.

NEEMA: Na hao alioziua daiodi zao walirudi kumwambia? Si walirudi akawauzia altaneta nyingine!

MABULA: Usimseme mzee. Gari ngapi zimepita pale, kila siku anatoa anarudisha, hazifi.

NEEMA: Yako imekufa lini?

MABULA: ...Alhamisi jioni. Lakini!

NEEMA: Alhamisi hiyo hiyo.

MABULA: Lakini ilikuwa inaumwa wiki tatu! Mgonjwa kaenda hospitali kafa jioni, utasema daktari kamuua?

NEEMA: Kama daktari kampima kwa kumziba pua, ndio.

MABULA: Hapana, hapo sikubali. Daiodi zilikuwa zinakwenda zenyewe.

NEEMA: Kabla ya mzee taa ilikuwa inawaka inazima. Baada ya mzee imewaka haizimi. Mi nahesabu tu.

MABULA: Mgonjwa akizidiwa ndo anavyokuwa hivyo.

NEEMA: Mita ya volti elfu kumi na tano tu, Mabula. Betri injini imezima ikae volti 12.6, ukiwasha ipande 13.8 mpaka 14.5, uwashe taa na AC uone inashuka ngapi. Basi. Hugusi spana.

MABULA: Na uko Busisi saa moja usiku, mita iko mjini?

NEEMA: Unaangalia taa kubwa ukutani, unakanyaga mafuta kidogo, zikiongezeka mwanga wakati ulikuwa umefifia, chaji ilikuwa haitoshi ukiwa sailensa, hujakanyaga mafuta. Bado hugusi spana.

MABULA: Mi nitagusa.

NEEMA: Gusa. Ni gari yako. Leo asubuhi ilisoma ngapi, maana najua mita uliazima kwangu.

MABULA: 11.9. Tukabusti kwa gari ya jirani, ikawaka, injini inaunguruma, 12.1.

NEEMA: Na taa?

MABULA: Imewaka. Betri ipo.

NEEMA: (anacheka) Mungu wangu. Unajua baba yangu Haisi yake ilimfia ndani ya kivuko, enzi hizo hata daraja halijaanza? Yeye ndo gari ya kwanza mbele. Kivuko kikasogea nchi kavu, watu wote nyuma wanapiga honi, ye anapiga stata, tik, tik. Abiria wake wakashuka wakasukuma, na mama mmoja kabeba kuku wawili anasukuma kwa bega. Altaneta ilikuwa imekufa tangu Geita, taa ilimwambia njia nzima, kabandika plasta juu yake isimsumbue.

MABULA: Plasta! Angalau mi nilitafsiri.

NEEMA: Ulitafsiri vibaya!

MABULA: Saa ngapi sasa? Aah. Daftari langu. Nimesoma jambo hata moja?

NEEMA: Umesoma "jambo la kwanza" mara mbili.

MABULA: Basi yale matano... wiki ijayo. Inabidi nitoke, mama anarudi Sengerema leo, sina gari, nimuombee mtu lifti.

NEEMA: Nampeleka mimi. Altaneta yako ifunguliwe Jumatatu, kaboni nizione kwa macho, na daiodi zipimwe kabla hajazigusa yule mzee wako.

MABULA: Atazigusa yule mzee wangu.

NEEMA: Tutaona. Na mimi mama atakaa mbele, taa yangu haiwaki, nitamwambia nini sasa njia nzima?

MABULA: Mwambie imeibiwa.