Filbert Bayi na hesabu ya kukimbia mbele

Walimu wenzangu wa riadha, tuanze na Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Ni fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, Tanzania, mwenye miaka 20, alishika uongozi mapema na hakuuachia tena. Saa ilisoma 3:32.16, na rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1 ya mwaka 1967, ikaanguka. John Walker, mwenyeji, alimaliza kwa 3:32.52. Naye alikuwa ameivunja rekodi ya Ryun, masikini, ila mbele yake kulikuwa na mtu.

Husemwa Bayi alikuwa jasiri. Ni kweli, lakini tupige hesabu pia. Mita 1500 zina kona saba. Anayekimbia nusu mita nje ya mwenzake huongeza mita 1.57 kwenye kila kona. Kwa kona saba ni mita 11. Sasa pengo la Bayi na Walker, sekunde 0.36, kwa kasi ile ni kama mita mbili na nusu tu! Aliye mbele hubana ukingo wa ndani, hasukumwi, hafungiwi njia. Gharama yake ni upepo: yeye ndiye anayeupasua, wa nyuma wanajificha.

Kosa ninaloliona kwa vijana wetu ni kudhani kukimbia mbele ni kufyatuka. Bayi alikwenda wastani wa sekunde 56.6 kila mita 400. Mwanariadha wako akitaka dakika 4 kamili, anahitaji sekunde 64 kwa mzunguko: mita 300 apite kwa 48, mita 700 kwa 1:52, mita 1100 kwa 2:56. Simama kwenye mstari wa kumalizia, umsomee saa kwa sauti kila anapopita. Akifika mita 300 kwa 43, msimamishe, apumzike, aanze upya. Ukimwacha aendelee, miguu itakuwa mizito kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho, na utakachokuwa umemfundisha ni kufa mapema.

Kwenye Olimpiki ya Moscow, 1980, Bayi aliileta mbinu ileile kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa pengo kubwa, kisha Bronisław Malinowski wa Poland akampita katika mzunguko wa mwisho: 8:09.70 dhidi ya 8:12.48. Medali ya fedha si haba. Lakini mbio hizo zina viunzi 28 na maji mara saba, na kila kiunzi ni sentimita 91.4. Mguu uliochoka huanza kukosea hatua kabla ya kiunzi: mkimbiaji hupunguza mwendo, anaruka juu kupita kiasi, anatua kwa kishindo, halafu lazima aitafute kasi upya. Kwenye mita 1500 uchovu hukutoza mara moja, mwishoni. Kwenye viunzi hukutoza kila unaporuka.