Aliyesoma Akaishia Njiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wenzangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja jioni hii hapa Chake Chake.

Nianze na lililonileta. Mzazi mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alinifuata nyumbani na riwaya ya mwanawe kaibana kwapani. Akaniambia: "Mwalimu, humu mna mauaji. Wewe hukhofu?" Siku ile nilimjibu mbio mbio. Leo nataka nimjibu kwa utuo.

Tarehe 8 Disemba 1980, mjini New York, mwanamuziki John Lennon alikuwa akirudi nyumbani usiku na mkewe. Mlangoni akingojwa na kijana wa miaka 25, Mark David Chapman, ambaye jioni ile ile Lennon alikuwa ameshamtilia saini kwenye jalada la santuri. Chapman akapiga risasi tano, nne zikampata. Msiba ule ulifika hata kwa mtoto wa Unguja: Freddie Mercury, aliyezaliwa hapo ng'ambo mwaka 1946, alimwimbia Lennon wimbo wa kumkumbuka mwaka 1982.

Muuaji hakukimbia. Alitoa kitabu akawa anakisoma mpaka polisi wakafika. Kilikuwa The Catcher in the Rye, yaani Mdakaji katika Shamba la Nafaka, riwaya ya J. D. Salinger ya mwaka 1951. Alikinunua siku ile ile, akaandika ndani kwamba hayo ndiyo maelezo yake, na akajiita Holden Caulfield, jina la mhusika mkuu.

Basi watu wakapata wa kumlaumu. Lakini wengi waliokilaumu kitabu hawakukifungua, nami naomba tukifungue.

Holden ni kijana wa miaka 16, kafukuzwa skuli, anazurura New York siku chache kabla ya Krismasi. Kafiwa na mdogo wake, na kifo kile hakijamtoka. Kila mtu mzima machoni mwake ni mnafiki. Mdogo wake wa kike, Phoebe, mwenye miaka 10, anamuuliza: hivyo wewe unataka kuwa nani? Holden anasema anaona watoto wengi wanacheza katika shamba la nafaka, ukingoni mwa jabali, na yeye kazi yake iwe kuwadaka wasianguke. Maneno hayo ndiyo aliyoyasoma Chapman mahakamani tarehe 24 Agosti 1981, siku aliyohukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye roho ya mhadhara wangu. Maneno yale yamo katika sura ya 22. Kitabu kina sura 26. Na pale pale, yule mtoto wa miaka 10 anamsahihisha kaka yake: shairi ulilolitolea ndoto hiyo hulikumbuki sawa, mshairi Robert Burns hakusema "kumdaka" mtu, alisema "kukutana" naye. Ndoto yote ya Holden imesimama juu ya neno alilolikosea! Halafu, sura ya 25, Phoebe kapanda farasi wa mbao wa kuzunguka, watoto wanajinyoosha kuikamata pete ya dhahabu. Holden anakhofu ataanguka. Lakini hamdaki. Anasema waacheni, wakianguka, wameanguka. Mdakaji ameshaiacha kazi yake. Tena kuna mahali Holden, baada ya kupigwa, anajiona katika fikra akimpiga risasi aliyempiga, kisha mwenyewe anasema filamu ndizo zinazomharibu mtu namna hiyo. Mwandishi alishaiona hatari, akaiandika humo humo.

Sisi tuliokulia chuo cha Qur'ani tunalijua kosa hili. Mtu akisoma "Basi ole wao wanaosali" akanyamaza, kageuza sala kuwa dhambi. Aya inayofuata ndiyo inayosema ni nani: wale wanaopuuza sala zao.

Sisemi kwamba kitabu hakikumfanya Chapman kitu. Riwaya zina nguvu, ndiyo maana nimezifundisha umri wangu wote. Kitabu kilimpa jina la kujivika. Lakini bastola aliinunua Honolulu, si katika duka la vitabu. Alikuwa ameshawahi kutaka kujiua na akalazwa. Na alipokuwa akiomba kuachiwa, mwenyewe alikiri kwamba alitaka umaarufu. Miezi michache baada ya Lennon kuuawa, Machi 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan, na nakala ya riwaya hiyo hiyo ikakutwa chumbani kwake hotelini. Lakini kilichomtia wazimu huyo kilikuwa filamu na mwigizaji wake.

Nasi hapa? Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, ilitoka mwaka 1960. Ndani yake mna maiti isiyo na kichwa. Wazee wetu waliisoma wakiwa vijana, wakaazimana mpaka majalada yakatoka, na walichobaki nacho ni hamu ya kufikiri kama Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo.

Yule mzazi yumo humu ukumbini. Ndugu yangu, riwaya uliyoniachia ninayo, hii hapa. Mwanao alikunja ncha ya ukurasa pale ulipomkatiza, katikati hasa, maiti imeshaonekana na muuaji bado hajajulikana. Nakuomba umrudishie leo usiku amalize.