Viwavi Saba wa Dada Rehema

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Juma lililopita tuliahidi kueleza mambo matatu ya kuandaa bustani ya monaki, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi, ambaye ni kipepeo rasmi wa jimbo letu la Minnesota. Hata hivyo, kaka Hamisi, kwanza tuzungumze kuhusu Jumamosi, kwa sababu moyo wangu haujatulia.

HAMISI: Eleza, dada, wasikilizaji wapate kujua.

REHEMA: Mwezi Juni nilinunua kitaluni miche miwili ya asklepia, mmea ambao viwavi wa monaki hula, yenye maua mekundu na manjano, nikaipanda kando ya baraza. Jumatano nilikuta viwavi saba wenye milia ya manjano, myeupe na myeusi, wakila majani kwa bidii. Nimewasubiri miaka mitatu. Jumamosi ukaja, ukasema miche ing'olewe.

HAMISI: Nilisema, na leo ninarudia. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine ila asklepia, lakini uliyoipanda wewe ni ya Meksiko na Amerika ya Kati. Asklepia za asili za hapa huanza kunyauka kiangazi kinapokwisha, na kunyauka huko, pamoja na siku kuwa fupi na usiku kuwa baridi, humpa kipepeo wa mwisho wa mwaka ishara ya kuacha kuzaa na kuanza safari ya kilomita elfu kadhaa hadi misitu ya milimani Michoacán, huko Meksiko. Mmea wako utabaki kijani na kuendelea kuchanua wakati yeye anapaswa kuwa njiani.

REHEMA: Nimekusikia. Lakini niseme neno kuhusu asklepia ya asili iliyo uani kwako. Mwaka jana maganda yake yalipopasuka na mbegu zikaanza kupeperuka na nyuzi zao nyeupe, nilisimama nikadhani nimerudi Muheza. Ile ni sufi kabisa! Nilimwona bibi yangu ameketi ukumbini, kitambaa kichwani, akichambua sufi ya kujazia mito, nasi wajukuu tukikatazwa kupiga chafya.

HAMISI: Hukukosea hata kidogo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jaketi za kuelea za mabaharia wa Marekani zilijazwa sufi ya msufi kutoka Java. Wajapani walipoiteka Java, sufi ikakosekana, na ndipo mwaka 1944 watoto wa shule wakatumwa mashambani kukusanya maganda ya asklepia. Magunia mawili yalitosha kujaza jaketi moja.

REHEMA: Kumbe mmea uliookoa maisha ya watu ndio huo wanaouita gugu?

HAMISI: Ndio huo. Baadaye dawa ya magugu katika mashamba ya mahindi na soya iliufyeka, na hiyo ni sababu kubwa ya monaki kupungua.

REHEMA: Bibi alikuwa akisema mto wa sufi haumchoshi mlalaji shingo. Je, nyuzi za asklepia zinafaa kujaza mto?

HAMISI: Zinafaa, kwa kuwa kila uzi una uwazi ndani na nta juu yake, ndiyo maana hauzami upesi. Ila chambua mbegu vizuri, kama bibi alivyofanya.

REHEMA: Basi msimu huu nitakuja na mfuko. Lakini miche yangu siing'oi. Minnesota si Florida. Jalidi ya Oktoba itaiua, na vimelea vinavyowadhuru monaki, vile vinavyobaki juu ya majani yasiyokufa huko kusini, havitapata pa kukaa hapa.

HAMISI: Kuhusu vimelea umesema kweli. Hata hivyo, tuna wasikilizaji Houston ambako mmea huo haufi, na wakisikia kwamba dada Rehema anaupanda, nao wataupanda.

REHEMA: Wao waukate karibu na ardhi kila Oktoba. Viwavi wangu wana njaa leo.

HAMISI: Walete kwangu, wale asklepia ya majimajini.

REHEMA: Siwahamishi. Kipepeo mwenyewe alichagua pale pa kutaga.

HAMISI: Alichagua kwa sababu jirani hawana kitu ila nyasi. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, wala siyo kumpa mbadala.

REHEMA: Hatukubaliani, kaka, na dakika zimekwisha. Yale mambo matatu hatujayagusa.

HAMISI: Niseme moja tu: mbegu za asklepia zipandwe vuli, kwa maana bila kupitia baridi ya ardhini nyingi hazioti.

REHEMA: Asubuhi hii nimewakuta watano majanini. Wawili wamepanda ukingo wa baraza, wananing'inia kichwa chini.

HAMISI: Alhamdulillahi, wanaanza kugeuka kuwa vipepeo. Ukingo huo usiguswe kwa wiki mbili hivi.

REHEMA: Nimewaambia watoto wapitie mlango wa nyuma.