Kazi Isiyo na Mnunuzi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, mabibi na mabwana, Assalaam alaykum na habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kazi zangu za utunzi, na walioniomba bila shaka walitarajia nizungumzie hadithi zilizokwisha kuchapwa. Nawaomba radhi mapema, kwa kuwa nitazungumzia zaidi kazi ambayo haijachapwa na ambayo hakuna aliyeniagiza niifanye: utenzi wa ngalawa ambao huu ni mwaka wa tisa ninautunga, ubeti mmoja mmoja, katika kaunta buku mbili ambazo mke wangu amezipa jina la bi mdogo.

Riziki yangu inatokana na kutafsiri na kuhariri. Leo ni maelezo ya kutumia pampu ya maji, kesho ni ripoti ya semina, na kazi hizo huanza saa mbili asubuhi wala hazina saa ya kwisha. Wakati wa utenzi ni ule ulio baina ya sala ya alfajiri na kuamka kwa watoto, ambao hauzidi saa moja na nusu, na siku ambayo mtoto mdogo amekohoa usiku kucha haufiki hata nusu saa. Siku njema hunipa beti mbili. Siku nyingi hunipa mshororo mmoja, nao huufuta jioni.

Watu wa Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa maisha ya namna hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, aliishi kwa ukarani serikalini, na ni katika miaka hiyo ya ukarani ndipo alipotunga utenzi wake mrefu juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Alifariki mwaka 1962, na utenzi ule ukatoka kitabu mwaka 1967, yaani miaka 22 tangu vita vyenyewe kwisha. Nikikumbuka hesabu hiyo, miaka yangu tisa hainitishi.

Kanuni za utenzi mnazijua, kwa hiyo sitawachosha: mishororo minne, mizani nane, yaani silabi nane, kila mshororo, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina cha bahari kisichobadilika toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nilichagua bahari ya "ni". Ulikuwa uvivu wa ujana, kwa sababu kila mahali katika Kiswahili huishia na "ni", na sasa nimefika mbali mno kurudi nyuma.

Kisa ninachotaka kuwasimulia kilitokea Pangani, ambako nilikuwa nikienda kila nilipopata nauli, kumtazama mzee mmoja akichonga ngalawa. Nilikaa kivulini na kaunta buku yangu, yeye akiwa na tezo, na siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, hayo unayoandika si utusomee?" Nikamsomea:

Mti tuliouchonga
Na miti tukaifunga
Mawimbi yakatugonga
Tukiwamo baharini.

Alinyamaza kidogo, akapuliza machicha ya mbao juu ya tezo, kisha akasema, "Mti gani?" Nikamjibu kwamba ni huo huo anaouchonga. "Huu ni mwembe. Na hiyo miti uliyoifunga, ni miti gani? Kuni?" Akanionyesha kwa kidole ile miti miwili inayokingama juu ya chombo kushika matengo, zile mbao za ubavuni, ili kisipinduke. Akasema, "Hiyo ni mirengu."

Nilirudi chumbani usiku ule nikahesabu kwa vidole. "Mti" ni mizani mbili, na "mwembe" ni mizani mbili. Neno likaingia mahali pake bila kusukumwa. Katika mshororo wa pili nilikuwa nimepungukiwa mizani moja, nikaiziba kwa kubandika "na" mbele, "na" isiyokuwa na kazi yoyote isipokuwa kujaza tundu. "Mirengu tukaifunga" ni mizani nane kamili. Miezi miwili nilikuwa nikilaumu vina na mizani kwa kunibana, kumbe aliyenibana alikuwa ni ujinga wangu wa kutojua chombo ninachokiimba. Tangu hapo swali la "mti gani?" linanifuata hata katika maelezo ya pampu.

Swali hilo ndilo lililonifumbua macho pia juu ya hadithi zangu za zamani. Kabla ya utenzi nilikuwa nimeandika mkusanyo wa hadithi fupi nikiwa na jicho moja kwenye karatasi na jingine kwa mchapishaji, nikikisia atapenda nini. Mchapishaji mmoja alikaa nao miaka miwili, kisha akaurudisha na barua ya sentensi mbili kuhusu soko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kikombe cha chai. Kurasa zilizobaki zilikuwa safi kama zilivyotoka kwangu. Nilikasirika sana, na bado naona hasira ile ilikuwa ya haki, lakini nilipozisoma upya baada ya safari zile za Pangani nilikuta ndege wasio na jina wakilia juu ya miti isiyo na jina. Nilikuwa nimemwandikia mtu ambaye sikumjua, juu ya vitu ambavyo sikuvitazama. Utenzi, kwa kuwa hauna anayeungoja, hauniruhusu kumkisia mtu. Unaniacha na kitu chenyewe na jina lake.

Sasa nimefika mahali pa kushua chombo, nami nimekwama. Wiki ya tatu hii nina mishororo mitatu, na wa nne umepungukiwa mizani mbili ambazo sikubali kuziziba kwa "na". Nilipompigia simu yule mzee mwezi uliopita, alicheka. Ngalawa niliyomtazama akiichonga imekwisha kuvua, imetoboka, na sasa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia chini yake. Akaniuliza kama ile ya kwangu bado iko mchangani. Nikamwambia bado.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.