Seli Yenye Miguu Mingi

Habari za jioni. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja akutanishe viganja vyake, vidole vya mkono huu vipite kati ya vidole vya mkono ule. Sasa legezeni kidogo. Mnaviona hivyo vipenyo? Hapo ndipo damu inapochujwa.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni 1, na kila kimoja ni kifundo cha mishipa midogo ya damu. Juu ya mishipa hiyo zimekaa seli zenye miguu mingi, podositi, miguu yao ikiwa imepishana kama vidole vyenu. Kwa siku hupita hapo lita 180 hivi za majimaji. Karibu yote hurudishwa mwilini. Protini hazitakiwi kupita. Zikipita kwa wingi, mkojo hufanya povu lisilokatika upesi, na asubuhi mtu huamka macho yamevimba.

Podositi ina balaa moja: ikishakomaa haigawanyiki tena. Ikifa, jirani hujinyoosha kuziba pengo, basi. Kwa hiyo inaishi kwa vipokezi vyake, yaani protini zilizopenya utando wa seli: upande wa nje hupokea ujumbe, upande wa ndani huamsha kazi. Integrini huishikiza seli mahali pake isije ikabanduka. Nefrini, iliyotambuliwa 1998 kutokana na watoto wa Ufini waliozaliwa wakivuja protini, huunganisha kingo za kile kipenyo na papo hapo huielekeza seli namna ya kupanga kiunzi chake.

Kinachonivutia mimi ni kipokezi cha insulini. Tumezoea kuidhani insulini ni habari ya sukari ya damu tu. Mwaka 2010 watafiti walikiondoa kipokezi hicho kwenye podositi za panya, na kwingine kote wakakiacha. Sukari ya damu haikupanda, lakini figo ziliharibika kwa namna inayofanana na za mgonjwa wa kisukari! Seli ilikosa kuisikia insulini, hilo tu.

Si kila kipokezi kikiamshwa ni heri, lakini. Angiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu, ikikisumbua kipokezi chake bila kupumzika, shinikizo ndani ya kichujio hupanda, miguu hubapa, protini huvuja. Ndiyo maana losartani, dawa ya presha inayokiziba kipokezi hicho, huweza kuandikiwa hata mtu ambaye presha yake si ya kutisha.

Mnaweza kuachia vidole sasa. Naona wengine bado mmeving'ang'ania.