Nilidhani ile h ni kosa la mchora vibao

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo! Huo upepo mnaousikia ni wa Tramore, kaunti ya Waterford, kusini mwa Ayalandi. Leo hatuongelei kodi ya nyumba. Leo tunasoma kibao cha barabarani.

Tazameni pale. Juu, kwa herufi zilizolala, Kiayalandi: Trá Mhór. Trá ni ufuko, mór ni -kubwa. Ufuko Mkubwa, na kweli unatembea mpaka miguu iume. Sasa nendeni hapo jirani, Dunmore East: Dún Mór, Ngome Kubwa. Mbona huku kuna h na kule hakuna? Miezi mizima nilimlaumu mchora vibao. Kumbe ni mambo ya ngeli!

Nomino zao zina jinsia mbili. Trá ni ya kike, basi kivumishi chake kinalainika mwanzoni: m inageuka mh, na huku kusini wanaitamka v. Dún ni ya kiume, m haiguswi. Sisi si tunasema mtu mkubwa, kiti kikubwa? Tena kivumishi chao kinakaa nyuma ya nomino kama chetu. Kwenye darasa letu la Kiayalandi, waliozoea Kiingereza walitoka jasho, mimi nilitulia tuli.

Nikatulia mapema mno, maana mkia nao unabadilika. Fear mór, mwanamume mkubwa. Kofia yake, hata an fhir mhóir (hiyo hata ni kofia kwa Kiayalandi, si "hata" yetu). Kofia ya mwanamke mkubwa, hata na mná móire. Wanawake wakubwa ni mná móra, ila wanaume wakubwa ni fir mhóra, h imerudi! Na "kubwa zaidi" ni níos mó, r imekwenda zake.

Neno lenyewe, mór, ni la kale. Kiayalandi cha zamani kilikuwa na már na mór, Wawelishi wa Wales, ndugu zao wa lugha, wanasema mawr, na Indutiomarus, chifu wa Galia (Ufaransa ya kale na jirani zake) aliyepigana na Julius Caesar, amelibeba mwishoni mwa jina lake, kwenye -marus.

Halafu kuna bibi jirani yangu. Juzi alinikuta nacheza na mbwa wake, akasema sisi wawili tuko mór le chéile. Nikaenda zangu nimenuna, nikijua kaniambia tumenenepa. Mwalimu alicheka sana: maana yake ni marafiki wa kufa na kuzikana.