Kabla ya Kumgombeza Muuza Tairi

Hili la kupima tela kabla ya kulaumu tairi nimelisema sana, na naona wengine mmeshaanza kucheka mkiona nimetoa futi ya kupimia mfukoni. Chekeni tu. Tairi za tela zikiliwa upande, mwenye gari anakimbilia dukani: "Umeniuzia mchina mbovu!" Sawa, matairi mabovu yapo. Lakini jiulize, ubovu gani huo wa kumaliza bega la ndani peke yake, yaani ukingo wa ndani wa tairi, huku bega la nje lina kashata, yale meno ya tairi, za kutosha? Tazama ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu, bwana.

Kuna bosi mmoja wa njia ya Dar–Tunduma, jina tuliache. Tela lake la ekseli tatu lilikuwa linamaliza tairi za ekseli ya mbele safari hadi safari. Akabadilisha aina ya tairi. Akamfukuza dereva, maana dereva ndiye jalala la lawama zote. Akaja dereva mwingine, tairi zikaendelea kuisha. Nilipoitwa sikugusa hata jeki. Nilitaka tela livutwe mbele mpaka linyooke, lisimame penye sakafu tambarare, nikapima kutoka kingipini, ile pini ya kuungia tela na kichwa cha gari, hadi katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya kushoto ya ekseli ya kwanza, kisha ya kulia. Tofauti inayovumilika ni milimita 3. Pale ilizidi upana wa kidole gumba! Kuingia chini, tukakuta senta bolti ya springi, ile inayoizuia ekseli isihame, imekatika, yuboti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, zimelegea, ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Tela linatembea kama kaa, tairi zinaburuzwa kimshazari toka bandarini hadi mpakani. Bolti hiyo bei yake haifiki hata robo ya tairi moja. Na yule dereva wa kwanza hakurudishwa kazini.

Atatokea mtu aniambie, "Fundi, mimi gari langu napeleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe." Unapeleka kichwa! Tela umeliacha yadi. Na ukishapima ekseli ya kwanza, pima na kati ya ekseli na ekseli, kushoto na kulia. Hapo tofauti isizidi milimita 1.5.

Mwingine atasema anapita mzani wa Vigwaza, pale malori yanapopimwa uzito, bila faini. Hongera. Lakini mzani haunyooshi ekseli uliyoipinda mwaka juzi kwa mzigo wa kupindukia. Ikishapinda, magurudumu yanaegemea ndani kwa juu, na bega la ndani ndilo linaloliwa.

Upepo mnaujua: mabega yote mawili yakiisha, ni mdogo, katikati ikiisha, umezidi. Ila pimeni kwa geji, tairi likiwa la baridi. Utingo kugonga tairi kwa chuma na kutikisa kichwa si kipimo! Tena penye pacha, tairi mbili zilizofungwa pamoja upande mmoja, anagonga la nje tu. La ndani valvu yake imejificha, likipungua hakuna anayejua, na la nje linabeba mzigo wa wawili. Na acheni kufunga jipya na kuukuu kwenye pacha moja. Lile dogo litaburuzwa tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio: mabonde-mabonde kuzunguka tairi, anza na beringi na shokapu. Doa moja bapa, breki ilinasa. Pitisha kiganja kwenye kashata. Ikiteleza kwenda na kukwaruza kurudi, ekseli haijanyooka. Ya breki za mteremko wa Kitonga niliyaandaa, hayatafika leo. Maswali, na msianze na la bei ya tairi.